Karatasi, kapilari au msuuzo: utayachotaje majimaji ya ufizi kwa utafiti wako?

Kati ya jino na ufizi kuna mfereji mwembamba ambao, kwa mtu mwenye fizi nzima, kina chake hakizidi milimita tatu hivi. Humo ndani mna majimaji yanayochuruzika kutoka kwenye mishipa midogo ya damu ya ufizi: kidogo sana ufizi ukiwa na afya, mengi zaidi ukishavimba. Mwaka 1958 Brill na Krasse waliwadunga mbwa rangi ya fluoresini msulini, na baada ya dakika chache wakaikuta rangi hiyohiyo kwenye vikaratasi walivyovichomeka katika mfereji wa ufizi. Kwa hiyo kilichomo mwilini hufika pale, na mtafiti anaweza kuisoma hali ya ufizi bila kuukata.

Kazi ni kulipata hilo tone. Mara nyingi ni chini ya mikrolita moja, yaani dogo kuliko kichwa cha pini, na limezungukwa na mate, ukoga na damu iliyo tayari kutoka kwa kuguswa tu. Njia kuu za kulichota ni tatu: kikaratasi cha chujio, kapilari ya kioo, na kuusuuza mfereji kwa kimiminika kisha kukivuta tena. Anayeanza utafiti kwa kawaida huuliza ipi bora. Mimi humrudishia swali: hilo tone ukishalipata, utalifanyia nini? Mwenye kutaka kujua ufizi unatoa majimaji kiasi gani, mwenye kutafuta protini fulani na mwenye kutafuta chembe nyeupe za damu zikiwa hai hawana haja moja, hata kama wote wanachota mahali pamoja.

Basi nitazipima njia hizi tatu kwa vigezo vilevile. Je, utaujua ujazo wa ulichopata? Unausumbua ufizi kiasi gani, na uchafu unaingia kwa urahisi gani? Kinachofika maabara ni kiasi gani cha ulichochota? Sampuli inawakilisha jino moja au mdomo mzima? Mwisho, inadai muda, vifaa na ustadi gani?

Zinavyofanyika

Kikaratasi ni kipande chembamba cha karatasi ya chujio, upana wa milimita mbili hivi. Unakishika kwa kibano, unakiweka mlangoni mwa mfereji au unakisukuma ndani taratibu mpaka kipate ukinzani kidogo, unahesabu muda, mara nyingi sekunde 30, kisha unakitoa. Wako pia wanaokilaza juu ya ukingo wa ufizi bila kuingia mferejini kabisa. Mahali hapa pa kuweka si jambo dogo. Kikaratasi kilichosukumwa ndani kinaweza kuukwaruza ufizi na kuufanya utoe majimaji zaidi, kwa hiyo chagua mahali pamoja tu, paandike kwenye itifaki yako, usipabadilishe katikati ya safari.

Kapilari ni mrija mwembamba wa kioo ambao kipenyo chake cha ndani kinajulikana. Unaugusisha mlangoni mwa mfereji, na majimaji yanapanda yenyewe. Hakuna pampu wala kuvuta.

Msuuzo una sura mbili. Ya kwanza ni ya bomba dogo la sindano: mikrolita 10 za mmumunyo wa chumvi unaolingana na wa mwili zinaachiliwa mferejini kati ya meno mawili, zinavutwa, zinaachiliwa tena, hadi mara 12 ili zichanganyike vizuri na majimaji yaliyomo. Ya pili ni ya sahani ya akriliki iliyotengenezwa kwa kipimo cha mdomo wa mshiriki, yenye mfereji unaofuata ukingo wa fizi. Mmumunyo unapitishwa humo kwa pampu kwa muda wa kama dakika 15 na kukusanywa upande wa pili.

Je, utaujua ujazo?

Hapa kapilari inajivunia, na ina haki. Ukijua kipenyo cha mrija, unapima urefu wa safu ya majimaji kwa rula nzuri, unapiga hesabu, basi.

Karatasi inahitaji msaada. Msaada unaotumika sana ni kifaa kiitwacho Periotron: kikaratasi kinabanwa kati ya taya zake mbili za chuma, na kifaa kinasoma jinsi unyevu ulivyobadilisha hali ya umeme kati ya taya hizo. Namba inayotokea kwenye kioo bado si mikrolita. Ni lazima kwanza uwe umekilinganisha kifaa kwa matone ya seramu (majimaji ya damu yanayobaki baada ya damu kuganda) ya ujazo unaoujua, ukachora mkunjo wake, ndipo usome humo. Majimaji yakizidi mikrolita moja na kidogo, usomaji unaanza kuyumba, kwa hiyo kwenye mfuko, yaani mfereji uliozidi kina kwa ugonjwa, wenye uvimbe mkali sekunde 30 zinaweza kuwa nyingi mno. Kisha kuna kukauka. Tone la nusu mikrolita lililotandazwa kwenye karatasi haliwezi kungoja umalize kuongea na mshiriki. Kibano kitoke mdomoni kiende moja kwa moja kwenye taya za kifaa, na kifaa kiwe mkono wa pili, si meza ya pili. Wengine hupima uzito wa vikaratasi kabla na baada, na zamani walivitia rangi ya ninhidrini na kupima eneo lililogeuka zambarau. Kupima uzito kunafaa kama una mizani nyeti kweli na vichupa vinavyofungwa vizuri. Rangi, kwa upande wake, inakuharibia sampuli usiweze kupima kitu kingine.

Msuuzo, kwenye kigezo hiki, unashindwa waziwazi. Umetia mikrolita 10, umerudisha 9. Katika hizo 9, ni ngapi za ufizi na ni ngapi zako? Huwezi kusema kwa uhakika.

Lakini kabla hujaipa kapilari ushindi, subiri. Mfuko wa ufizi wenye kina cha milimita 5 umekadiriwa kuwa na nusu mikrolita hivi ya majimaji kwa wakati mmoja, nayo yanatiririka kwa kasi ya takriban mikrolita 20 kwa saa. Maana yake ni kwamba majimaji ya humo yanabadilishwa kama mara 40 kwa saa, yaani kila dakika moja na nusu. Kikaratasi cha sekunde 30 kinachota zaidi yale yaliyokuwa yametuama. Kapilari ikikaa dakika 10 inachota mikrolita tatu na zaidi, na katika hizo ni nusu mikrolita tu iliyokuwepo ulipoanza. Zilizobaki zimetoka kwenye damu wakati wewe unasubiri, na kadiri unavyosubiri ndivyo sampuli inavyozidi kufanana na seramu. Kwa hiyo ujazo unaujua vizuri, ila si wa kitu kilekile. Watafiti wawili, mmoja wa karatasi na mmoja wa kapilari, wanaweza kulichota jino lilelile, mmoja akaleta majimaji ya mfukoni na mwingine majimaji ya mishipani, kisha wakabishana kuhusu matokeo.

Hapohapo kuna mtego mwingine wa kuripoti. Ukigawanya kiasi cha protini kwa ujazo unapata ukolezi. Ukiacha bila kugawanya unapata jumla iliyochotwa kwa sekunde 30. Ufizi ukivimba, protini inaongezeka lakini majimaji nayo yanaongezeka, na jumla inaweza kupanda huku ukolezi ukishuka. Tena kwenye ufizi wenye afya, ujazo wenyewe ni mdogo kiasi kwamba kosa dogo la kusoma linakuharibia hesabu nzima: ulichokisoma kama mikrolita 0.05 badala ya 0.1 kinauzidisha ukolezi mara mbili. Ndiyo maana watumiaji wengi wa karatasi hutegemea jumla kwa muda uliowekwa. Kwangu, ziripoti zote mbili na useme ipi ndiyo ya msingi kabla hujayaona matokeo.

Ufizi unasumbuliwa kiasi gani, na uchafu je?

Maandalizi ni yaleyale kwa njia zote. Sampuli ichukuliwe kabla ya kupima kina cha mifuko, kamwe isiwe baada, kwa sababu kifaa cha kupimia kina huamsha damu. Ukoga ulio juu ya ufizi uondolewe bila kuugusa ukingo. Pamba iwekwe kuzuia mate. Hewa ipulizwe kwa upole kukausha jino, ielekezwe pembeni, isipulizwe ndani ya mfereji ikaufukuza mzigo ulioufuata.

Kisha angalia ncha ya kikaratasi kinapotoka. Sehemu iliyolowa inaonekana kama doa la maji, nyeusi kidogo kuliko karatasi kavu, na mpaka wake ni mkali. Ukiona uwekundu hata wa kufifia pale mwisho kabisa, tupa. Usijiambie kwamba ni kidogo. Damu ina protini nyingi mno zinazofanana na unazozitafuta, na tone usiloliona vizuri linatosha kukupa matokeo mazuri ya uongo. Uzuri wa karatasi ni kwamba inakuonyesha kosa lako papo hapo.

Kapilari huonyesha damu pia, kioo kikiwa kisafi. Tatizo lake ni muda. Kushikilia ncha ya kioo mlangoni mwa mfereji kwa dakika kumi bila mkono kutikisika, mdomoni mwa mtu anayepumua, kumeza mate na kutamani kufunga mdomo, ni kazi ya watu wenye subira. Ukiigusa ncha ile ufizini kila mara, unaichokoza mishipa itoe zaidi, na umebadilisha kile ulichokuja kukipima.

Msuuzo wa sindano hauumizi sana ukifanywa vizuri, ila unatawanya: ukoga ulio mferejini unachanganyika na sampuli, na sehemu ya mmumunyo inamwagikia mdomoni. Sahani ya akriliki inajitetea hapa kuliko zote, kwa kuwa inazitenga fizi na mate. Kwa njia yoyote, ukihofia mate, pima amilasi. Kimeng'enya hicho kimejaa kwenye mate, na kikitokea kwa wingi kwenye sampuli yako unajua kilikotoka.

Kinachofika maabara

Karatasi inanyonya vizuri, lakini haipendi kurudisha. Protini nyingine hujishika kwenye nyuzi zake, na seli hunaswa humo. Unakitia kikaratasi kwenye kichupa chenye bafa (mmumunyo usiobadilika uasidi wake kirahisi), unakitikisa, unakizungusha kwenye sentrifuji, na bado hupati yote. Dawa ni kujaribu kwanza: tia kwenye kikaratasi kisafi kiasi unachokijua cha protini unayoitafuta, itoe kwa utaratibu wako uleule, uone ni asilimia ngapi imerudi. Kazi hii ya siku mbili wengi wanaikwepa. Na usibadilishe aina ya karatasi katikati ya utafiti, hata kama ya pili ni ya bei nafuu, maana kila karatasi ina tabia yake ya kurudisha.

Kapilari inatoa majimaji safi yasiyochanganywa na chochote, na kwa mkemia hilo ni jambo kubwa. Ila majimaji ya ufizi uliovimba ni mazito kidogo na yanashika kwenye kioo. Kuyatoa yote kwenye mrija mwembamba namna hiyo huhitaji kuyasukuma kwa bafa, na ukishafanya hivyo usafi wake umepungua.

Msuuzo unarudisha sampuli iliyozimuliwa, na protini iliyokuwa chache tangu mwanzo inaweza kushuka chini ya uwezo wa kipimo chako kuiona. Lakini seli zinarudi nzima, zikielea kwenye mmumunyo, tayari kuhesabiwa na kutazamwa kwa hadubini. Kwa anayechunguza chembe nyeupe za damu zinavyofanya kazi mfukoni, karatasi haina la kumsaidia hapa.

Baada ya hapo njia zote zinakutana kwenye friza. Majimaji haya yana vimeng'enya vinavyokata protini, na havikomi kukata kwa sababu umeshavitia kichupani. Tia vizuizi vya vimeng'enya kwenye bafa kama protini unayoitafuta ni laini, weka kichupa kwenye barafu mara moja, hifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na epuka kuyeyusha na kugandisha tena.

Jino moja au mdomo mzima

Ugonjwa wa fizi hauenei sawasawa. Jino moja linapoteza mfupa na jirani yake liko salama. Karatasi na kapilari zinakupa upande mmoja wa jino moja, na karatasi inakuwezesha kuchukua sehemu nyingi kwa kikao kimoja. Ukichukua nyingi, kumbuka kumwambia mtakwimu wako kwamba sehemu sita za mdomo mmoja si watu sita. Msuuzo wa sindano nao unashughulikia nafasi moja kati ya meno. Sahani ya akriliki inachanganya taya nzima: jino bovu na jino zima vinaingia kwenye chombo kimoja, na huwezi tena kuvitenganisha.

Muda, vifaa, mikono

Karatasi: sekunde 30 kwa sehemu, na msaidizi aliyefundishwa vizuri anaifanya. Gharama iko kwenye kifaa cha kupimia ujazo. Kapilari: mrija ni rahisi kupatikana, muda ndio ghali, kwenye ufizi wenye afya unaweza kuzidi nusu saa kwa sehemu moja tu. Msuuzo wa sindano unataka mkono mzoefu. Sahani inataka chapa ya mdomo wa kila mshiriki na fundi wa maabara ya meno wa kuitengeneza, hivyo kwa washiriki mia moja sahau.

Sasa, wewe uko wapi?

Kama unalinganisha sitokini (protini ambazo seli hutumia kupeana ishara za uvimbe) au vimeng'enya kama MMP-8, kinachokata kolajeni ya ufizi, kwa watu wengi, kabla na baada ya matibabu ya fizi, nenda na karatasi, muda uwe mmoja kwa wote, na jumla kwa sekunde 30 iwe kipimo chako cha msingi. Hata kwa meno yanayosogezwa kwa waya, au kuzunguka vipandikizi vya meno, karatasi ndiyo inayowezekana, kwa kuwa utarudi kwa mshiriki yuleyule mara nyingi na hatakuvumilia nusu saa kila ziara.

Kama unahitaji majimaji halisi yasiyozimuliwa, tuseme unapima ukolezi wa dawa inayotoka kwenye damu na kufika mferejini, kapilari inastahili taabu yake, hasa kwa washiriki wachache wenye fizi zilizovimba ambako majimaji yanapanda upesi. Hapo hata lile tatizo la kuchota majimaji mapya ya mishipani halikuumizi sana, maana ndiyo unayoyafuata. Fizi zikiwa na afya kabisa, fikiria mara mbili.

Kama unatafuta seli, suuza kwa sindano. Usitarajie kuripoti ujazo, na usiahidi ukolezi kwenye pendekezo la utafiti. Kama unataka picha ya jumla ya fizi za taya nzima, una washiriki kumi na fundi mwenye nafasi, sahani itakupa kitu ambacho njia nyingine hazikupi.

Kama shabaha yako ni bakteria wa chini ya ufizi, hujaiona njia yako humu. Wanaofanya kazi hiyo huchomeka mfukoni vile vijiti vya karatasi tasa vinavyotumika kukaushia mfereji wa mzizi, au hukwangua kwa kifaa kidogo. Vijiti hivyo hunyonya majimaji pia, na wapo wanaovitumia kwa yote mawili, ila ujazo wake ni mgumu kuujua.

Wavutaji sigara wa muda mrefu mara nyingi hutoa majimaji machache, na wajawazito zaidi ya kawaida. Kama kundi lako limechanganyika, andika hali hizo kwenye fomu tangu siku ya kwanza, uchukue sampuli saa zilezile za siku, na mshiriki asiwe ametoka kula au kupiga mswaki muda huohuo, kwa sababu kusuguliwa tu kunatosha kuongeza mtiririko.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, omba ridhaa ya watu watano au sita, uchukue jino lilelile kwa njia zote mbili, siku tofauti, mpangilio ukibadilishwa kutoka mtu hadi mtu. Usizichukue siku moja mfululizo: njia ya kwanza itakuwa imeshayamaliza yaliyotuama, na ya pili itaonekana dhaifu bila kosa lake.